Bintimfalme wa Rispa

Bintimfalme niliyempenda kuliko wote utotoni alisema maneno matatu tu katika filamu nzima. Nililigundua hilo mwaka huu, nyumbani kwangu Kawangware, nikimsuka binti yangu Imani huku filamu ile ikicheza kwenye simu aliyoiegemeza kwenye kikombe.

Mafuta ya nywele yalikuwa yameshapata joto vidoleni mwangu, harufu yake imejaa chumba. Imani ana miaka saba. Alitazama karibu hadi mwisho, kisha akageuza shingo nikiwa katikati ya mstari.

"Mami, kwani huyu hawezi ongea?"

Nikamwambia huyo huongea sana, asubiri tu. Tukasubiri. Vijana watatu walishindana kwa farasi, mfalme akauweka mkono wa binti yake katika mkono wa mshindi, msichana akatabasamu na kusema, "Ndiyo, baba yangu." Kengele zikalia. Basi.

Nilibaki na chanuo hewani. Mimi nilimjua bintimfalme mwingine.

Wangu alikuwa Kibera, katika kibanda cha mabati karibu na Soko la Toi, ambako Baba Toni alituonyesha watoto filamu kila Jumamosi asubuhi. Kwa kuwa zilikuwa za Kiingereza, alimweka Rispa atutafsirie. Rispa alikuwa msusi, na kazi yake hakuiacha mlangoni. Alikaa kwenye stuli, mtoto mmoja kati ya magoti yake, akisuka na kutafsiri kwa wakati mmoja. Tuliigombania nafasi ile. Ukikaa pale, sauti ya bintimfalme ilikupita mgongoni kabla ya kufika masikioni, na hatari ikikaribia uliijua kwa jinsi nywele zilivyovutwa.

Filamu ile ya bintimfalme ilirudiwa mara nyingi, na katika tafsiri ya Rispa, mfalme akiunyanyua mkono wa binti yake, binti alisema, "Baba, umeniuliza?" Kisha akamgeukia mshindi: "Na wewe, farasi ndiye amekimbia. Wewe umefanya nini?" Tulicheka hadi mabenchi yakalia.

Shida ililetwa na Sharleen, msichana wa mtaa jirani wa Ayany aliyekijua Kiingereza kutushinda sote. Siku moja alisimama juu ya benchi. "Uongo! Hajasema hivyo! Amesema tu ndiyo!"

Wazazi kadhaa nao walikuwa wameshalalamika kwamba wasichana wanarudi nyumbani wakiwauliza baba zao maswali. Baba Toni akaja mbele. "Rispa, sema yenye iko kwa tivii. Ukiongeza tena, Jumamosi usikuje."

Jumamosi iliyofuata, nafasi ya magotini ilikuwa yangu. Baba Toni alikaa benchi la mbele, amekunja mikono. Rispa alitafsiri kwa adabu, kama mtu anayesoma matangazo ya vifo redioni. Mfalme akaunyanyua ule mkono. Vidole vya Rispa vikasimama kichwani mwangu. Msichana kwenye tivii akafungua mdomo, na Rispa akanyamaza.

Sijui ujasiri niliupata wapi. "Baba, umeniuliza?" nikasema.

Nyuma yangu kibanda kizima kikaitikia, wavulana wakiwemo, na sauti ya Sharleen ikiwa juu ya zote: "Farasi ndiye amekimbia!"

Baba Toni aligeuka, akatutazama mmoja mmoja. "Haya, endelea tu," akamwambia Rispa. "Hawa umeshawaharibu."

Vidole vikaanza kusuka tena, polepole.

Siku ile niliamini tumemtetea bintimfalme. Nimechukua miaka yote hii kuelewa kwamba tuliyemtetea ni mwanamke wa kwenye stuli, aliyemwona msichana hana la kusema, akampa la kwake. Nilizima sauti ya simu, nikairudisha filamu mwanzo, nikamtafsiria Imani. Alicheka palepale tulipochekea sisi.

Jambo moja silijui bado. Mama anasema Rispa aliacha shule darasa la tano, kwamba Kiingereza hakukijua kabisa na alikuwa akijibunia tu. Dada yangu anaapa alimsikia pale Toi akibishana na mgeni kwa Kiingereza kilichonyooka. Rispa alihama Kibera zamani, na katika watoto wote wa kile kibanda, sijapata hata mmoja aliyewahi kumuuliza.