Ndengu Chini ya Kitanda

Kilichoondoka ni kikohozi. Kwa misimu kadhaa kanisa la Migwani lilikizoea. Kikisikika kikavu huko nje, mchungaji alijua Nthenya amefika. Jumapili moja kukawa kimya, na watu wakageuka kumtafuta mlangoni, kumbe alikuwa ameshaketi.

Nthenya, mjane, alilala na ndengu zake. Ghala alikuwa nalo nyuma ya nyumba, lakini wezi walilivunja mara moja, na tangu hapo magunia yakahamia chumbani. Mengine yalikaa chini ya kitanda, mengine yakasimama kichwani pake kama wageni waliokataa kwenda kwao. Kila mavuno alichanganya ndengu na dawa ya unga ya kuua fukusi, kwa mikono mitupu, dirisha likiwa limefungwa ili upepo usipeperushe hata chembe. Panya walipoanza kufa nao, alifurahi.

"Hii ndiyo dawa," alisema.

Kisha mke wa mwanawe, Ndunge, akaja kutoka Nuu na mtoto mgongoni, mjukuu wa kwanza, aliyepewa jina la Nthenya mwenyewe. Bibi alikuwa amewatandikia kitanda chake. Ndunge akasimama mlangoni, akapiga chafya.

"Mwaitu," alimwita mama mkwe kwa Kikamba, "sisi tutalala sebuleni."

"Sebuleni! Kwani kwangu kunanuka?"

"Kunanuka dawa, mama. Na hiyo dawa haijui fukusi ni nani na Nthenya ni nani."

"Nimelala hapa miaka. Nimekufa?"

"Hata panya walikuwa wakisema hivyo."

Nthenya alinyoosha shuka aliyoitandika. Jina lake mwenyewe linakataaje kitanda chake? Alipotaka kujibu, kikohozi kikamkata, kirefu, hata mtoto akaamka akilia. Bibi akamtazama yule mdogo, kisha magunia. Akainama, akavuta la kwanza.

"Na wezi, mwaitu?" Ndunge aliuliza, akificha kicheko.

"Kufuli liko sokoni. Huyu mjukuu hayuko. Shika huko!"

Wakayarudisha magunia ghalani, wakapiga deki, wakafungua dirisha lililosahau kufunguka. Mavuno yaliyofuata ndengu ziliingia kwenye mifuko isiyopitisha hewa, ikafungwa kinywa kwa nguvu, na fukusi wakafa bila dawa. Kikohozi hakikuaga, kilipungua tu, wiki baada ya wiki. Mvua zilipoisha Ndunge alimleta tena mtoto kutoka Nuu, naye akalala na bibi yake mpaka jua likachoma pazia.

Siku hizi Nthenya yuko kwenye kwaya ya Migwani, safu ya pili, upande wa dirisha.