Mtandao wa majina halisi ulivyomfanya baba yangu marehemu wiki ya harusi ya dada

Wakuu, wakubwa shikamooni, wadogo mambo vipi.

Hii siyo chai ya kutunga. Nilikuwepo mwanzo mwisho.

Binamu yangu wa Kagondo pale Bukoba alituletea app ya mtandao wa kijamii wa blockchain. Sifa zake: hakuna ID feki, kila mtu jina lake la kweli na uso wake, na kikishaandikwa kitu hakifutiki. Ukoo mzima ukajiunga. Hata wakwe watarajiwa wa dada yangu walijiunga, maana harusi ilikuwa Jumamosi na mipango yote ilihamia huko.

Akabaki mzee wetu, yaani baba, kule kijijini Muleba.

Nikamfuata na simu. Sasa mnawajua wazee wetu na picha. Alinawa, akavaa koti, akafunga vifungo vyote, akakaa wima. App inasema pepesa macho, tabasamu, geuka kulia. Nikamweleza. Akanijibu bila kusogeza midomo, "Picha ya kitambulisho haichekewi."

App ikafikiriaaa. Kisha jibu: jina sahihi, uso umetambuliwa, dalili za uhai hakuna. Hapohapo profile ikawekewa mshumaa na neno MAREHEMU, na ukoo wote ukapata taarifa.

Nikawaandikia huduma kwa wateja. Wakajibu kwa adabu sana kwamba rekodi haifutiki, ila marehemu mwenyewe anaruhusiwa kukata rufaa kwa kupiga picha upya.

Mzee kusikia rufaa, akaongeza tai. Hakupepesa hata ukope. Rufaa ikakataliwa, wakatutumia na pole ya msiba.

Asubuhi watu wakaanza kuingia na mikungu ya ndizi, kama ilivyo kwetu kwenye msiba. Mzee anawapokea mwenyewe mlangoni. Shangazi alimwangukia kifuani akalia sana, halafu akamuuliza mazishi ni saa ngapi.

"Waitu, ndugu yangu, hata mimi nasubiri kuambiwa," mzee akasema.

Nilicheka mpaka wakwe walipopiga simu. Wanaahirisha harusi, hawawezi kuja kuoa kwenye nyumba yenye msiba. Nikawaambia mzee yuko hai, huyu hapa. Wakasema mtandao ule haudanganyi. Dada akajifungia chumbani analia. Wakuu, iliniuma.

Mzee akavua tai, tukapanda basi hadi Bukoba.

Kule kwa wakwe watu walikuwa wanamtazama mzee, wanatazama simu, wanamtazama tena. Bibi wa bwana harusi, ambaye hana simu, akamkaribisha kiti. Akamuuliza ukoo wake, na kwao kuna mwiko wa kula nini. Mzee akajibu yote. Bibi akampa kahawa ya kutafuna, akakaa anamwangalia anavyotafuna.

"Huyu mzima," akawaambia wanawe. "Harusi Jumamosi."

Mzee alimkabidhi dada kwa mkono wake. Katika picha ya siku hiyo anacheka mpaka magego yanaonekana, sijawahi kuona picha yake ya hivyo. Nikajaribu kuiweka kwenye ule mtandao. Ikakataa, eti uso huu ni wa marehemu.

Mimi sipingi teknolojia. Ila mtandao unaojua jina lako na uso wako, halafu ukikosea haufuti, siutaki. Humu jukwaani natumia jina la bandia, na hakuna aliyewahi kutilia shaka kwamba napumua.

Wenzangu mliojiunga na mitandao ya namna hii, bado mko hai? Andikeni hapo chini. Mzee yuko pembeni yangu, anataka nimsomee majibu ya walio hai.