Mkwe Wangu Mtarajiwa na Taa ya Gari-Nyumba

Wasimamizi wa ukurasa, ondoeni jina langu na la mtaa wangu, mengine yaacheni kama nilivyoyaandika.

Mimi ni mzee wa miaka sabini na mmoja, naishi Kolwezi. Nilifundisha fizikia shule ya sekondari hadi nilipostaafu. Nina mke, na kitinda mimba wetu, msichana wa miaka ishirini na tisa, anaposwa rasmi Jumamosi hii. Habari yangu inaanza na gari, kwa hiyo mnivumilie.

Nilinunua gari-nyumba la dizeli, la zamani, kwa mhandisi mgeni aliyekuwa anarudi kwao. Lina kitanda, jiko na tangi la maji. Mke wangu ana ndugu Kasaji na Sandoa, na kwa umri wetu hatutaki tena kulala mikekani kwa watu. Baada ya muda taa ya injini, ile ya njano mbele ya dereva, ikaanza vituko: leo inawaka, kesho imezimika, keshokutwa imerudi.

Mchumba wa binti yangu ni fundi wa magari. Angalau ndivyo fulana yake inavyosema. Ana kimashine cha kupima. Anakichomeka chini ya usukani, anakunja uso kama daktari mkuu, anafuta kosa lililohifadhiwa kwenye kompyuta ya gari, anafunga mlango. "Tata, gari iko sawa. Ni capteur tu ilikuwa nasumbua." Wiki inayofuata taa inawaka, naye anataja capteur nyingine, yaani kihisi kingine.

Taa inayowaka na kuzimika haina wazimu. Kuna hali inayoiwasha, na ukiijua hiyo hali umeukaribia ugonjwa. Mimi nilitulia nikaangalia. Gari likinguruma uani, haiwaki. Kwenye tambarare, haiwaki. Inawaka kwenye mpando wa upande wa Mashamba, tangi la maji likiwa limejaa, na hapo gari linakosa nguvu na kutoa moshi mweusi. Nikamwambia: turbo husukuma hewa kwa nguvu wakati injini ina mzigo, basi angalia mpira wa hewa unaotoka kwenye turbo kwenda kwenye injini, huenda una ufa unaofunguka ukibanwa na kujifunga gari likipumzika. Alicheka mbele ya mke wangu. "Tata professeur, motere haisomake fizikia!"

Siku moja akalichukua gari asubuhi, akalirudisha jioni. Taa haikuwaka tena. Nyumba nzima ikashangilia. Shemeji yangu, mtu asiyeweza kubadilisha hata gurudumu la baiskeli, akampigia makofi: "Kumbe docteur ya magari tuko naye mu famille!" Wakamkatia paja la kuku.

Nikaenda kwenye mpando uleule. Nguvu hakuna, moshi uleule. Nikasimama, nikazima, nikageuza ufunguo polepole. Mnaoendesha mnajua: kabla injini haijawaka, taa zote za mbele huwaka kwanza kuonyesha kwamba ziko hai. Zote ziliwaka, isipokuwa ile. Alikuwa ameing'oa. Nikalala chini ya gari na mgongo wangu huu, nikapitisha vidole chini ya mpira wa hewa. Ufa ulikuwepo, umeloa mafuta, vumbi jekundu limeganda juu yake kama tope.

Nilimwita. Hakuona hata haya.

"Tata, mulikuwa nalalamika juu ya taa. Taa haiko tena. Sasa mateso iko wapi?"

"Na moshi?"

"Dizeli inatokaka moshi, tata."

"Na turbo ikifa katikati ya njia ya Sandoa, mimi na mama yenu tumo ndani?"

"Mutaniita. Niko na moto yangu, ile pikipiki, nitafika."

Nimefundisha watoto wazito wa kuelewa maisha yangu yote na sikuwahi kuwadharau. Mtoto mzito huutazama ubao, anatoka jasho, anajaribu. Huyu anaufuta ubao halafu anaomba apewe alama. Siku mtoto wao atakapoungua homa, atafanyaje? Atavunja kipimajoto?

Niliyasema hayo nyumbani bila kupunguza neno. Mke wangu akanijibu, "Weye unatafutaka kosa tu. Kama si huyu, utaleta nani?" Binti yangu alikuwa anaosha sahani. Hakugeuka.

"Papa, najua. Ni mi njo nilimushikia lampe wakati anaitosha, anaing'oa ile taa."

"Ulijua?"

"Ulikuwa unamudharau kila siku juu ya ile taa. Nilitaka umuone muzuri, hata siku moja tu."

Mpira nimeubadilisha mwenyewe, taa nimeirudisha, gari linapanda vizuri na mimi na mke wangu tunaweza kusafiri. Huyo kijana simpi hata dakika moja ya usingizi wangu. Anayenikosesha usingizi ni mtoto niliyemfundisha kusoma, aliyejua kwamba wazazi wake wangepanda gari bovu, na akashika tochi ili ubovu wake uzidi kufichwa.

Sasa nisikilizeni, hasa ninyi mnaotoka sehemu zisizo na desturi yetu. Jumamosi wazee wa upande wake wataweka mahari mezani, na hakuna atakayegusa chochote mpaka mimi, baba, nimuulize binti yangu mbele ya wote: "Tukamate hizi bitu?" yaani, tuvipokee vitu hivi? Akikubali, ndoa imepita. Jibu lake ninalijua tayari. Nisipouliza, wageni watabeba vyao na kuondoka, na yeye ameapa kwamba ataondoka nao bila baraka, na sitamwona tena.

Shemeji anasema niulize tu, ni maneno matatu. Mke wangu hasemi nami tangu Jumapili. Ninyi wenye mabinti, mngekuwa kwenye kiti changu mbele ya ile meza, mngemuuliza?