Ndoo Ilipanda, Rola Ikashuka

Mdogo wangu wa kike, fundi rangi anayeitwa Kinyonga kwa kuwa hajawahi kurudi nyumbani na rangi aliyotoka nayo, ana wazimu mmoja tu: madari. Kuta huwaachia wengine. Yeye hupanda ngazi, shingo nyuma, akasukuma rola juu huku akiimba kwa sauti ambayo, nasema kwa haki maana mimi ndiye niliyemlea, si nzuri hata kidogo. Wenye nyumba huivumilia kwa sababu dari lake halina mstari wa rola hata wa dawa.

Siku aliyoteleza ngazini alijikinga kwa mkono wa kulia, kiwiko kikalia pwaa! kama kamba iliyokatika. Sasa, mafundi rangi wana kipimo chao: aliyeanguka hunyanyua ndoo iliyojaa. Ikipanda, huyo mzima, arudi kazini. Kinyonga akakunja mkono, ndoo ikafika kifuani. Shemeji yangu, mumewe, ambaye ndiye humchanganyia rangi, akapiga makofi, nami nikapiga kumzidi.

Kesho yake nilikwenda kuwapelekea chai sebuleni kwa mteja. Kinyonga akainua rola. Ilipopita kichwa, kiwiko kikajikunja chenyewe kama mlango uliong'oka bawaba, rola ikatua kwenye upara wa shemeji.

"Mke wangu, dari liko juu!"

"Nimeliona! Mkono ndio haulioni!"

Akajaribu tena. Upara ukapata mkono wa pili wa rangi. Nilicheka mpaka chai ikamwagika, kisha nikaona mdogo wangu amekaa chini ya ngazi, hacheki.

"Dada, nikiyakosa madari nitafanya nini? Nikapake mageti?" Alilitamka neno mageti kama mtu anayetaja jela.

Hospitalini alimweleza daktari, binti mwembamba mwenye miwani, habari ya ndoo.

"Mama, ndoo uliinyanyua kwa msuli wa mbele, ule unaokunja," daktari akasema. "Unaonyoosha kiwiko ni huu wa nyuma." Akauchora kwa kidole juu ya ngozi: una vichwa vitatu, kimoja kimeanzia kwenye mfupa wa bega, viwili vimeshika mgongo wa mfupa wa mkono, na vyote hushuka vikawa ukano mmoja ulioshikilia ncha ya kiwiko.

"Vichwa vitatu!" shemeji akaruka. "Ndiyo maana simwezi kwa ubishi!"

"Mkono ukining'inia," daktari akaendelea, akijizuia kucheka, "uzito wake wenyewe unaunyoosha. Ukiuinua juu ndipo msuli huu unapodaiwa kazi." Akabonyeza juu kidogo ya kiwiko; kidole kikazama kama kwenye mto uliopungua pamba. Ukano ulikuwa umekatika. Kisha akamwambia ainue kiganja kwenda nyuma. Kikainuka vizuri, na daktari akashusha pumzi: mshipa wa fahamu unaozunguka nyuma ya mfupa ule, chini ya msuli huohuo, ulikuwa salama.

"Nitapaka tena?"

"Tukiushona mapema, na ukinitii. Tukichelewa, msuli utajivuta juu na kusinyaa."

"Akutii?" nikadakia. "Huyu hajamtii mtu tangu alipoachishwa ziwa!"

Lakini alitii, sijui alikopata moyo huo. Akashonwa, akafungwa gango, akakaa kitini akilishwa na mumewe na kumkosoa namna anavyoshika kijiko. Gango lilipotoka, akafanya mazoezi pole pole kama alivyoagizwa, tena mlango wazi, majirani wamwone.

Siku ya kupimwa mara ya mwisho daktari alimwambia alaze mkono nyuma ya kichwa, kisha aunyooshe juu. Shemeji alifumba macho. Mimi sikufumba. Kiwiko kilitetemeka, kikasita, kikafunguka, vidole vikaelekea juu vyote vitano.

"Vizuri! Sasa sukuma kiganja changu. Usiogope."

Daktari alikuwa amekalia kiti cha magurudumu madogo. Kinyonga hakuogopa. Binti wa watu akaondoka na kiti chake, akavuka chumba kizima, akazama kwenye pazia.

"Inatosha!" pazia likalia. "Nguvu ipo! Nenda kapake!"

Tukakimbilia kumfungua, mimi na shemeji, tukicheka mpaka hatuwezi kushika kitambaa. Kinyonga hakutusaidia. Alikuwa amesimama katikati ya chumba, mkono bado juu, macho yamefuata vidole.

"Daktari," akasema, "hivi dari lenu hili nani kalipaka, jamani?"