Mwaliko Nisioutoa Mimi

Siku ya kwanza binti yangu kuniitikia "Abee," nilidhani ananifanyia mzaha. Kwetu bara mtoto akiitwa husema "Nini?" na mama huridhika. Alikuwa na miaka minne na ushei, na miezi miwili ya nasari hapa Kisauni ilikuwa imemfanya mtu wa pwani kuliko mimi niliyekaa miaka tisa. Jioni ile ile aliponiita nami nikamjibu "Nini?" alisimama mlangoni, mikono kiunoni, akaniambia, "Mama, hiyo si adabu."

Adabu hiyo hakuipata nasari peke yake. Tulipanga chumba katika nyumba ya Kiswahili, zile zenye ukumbi mrefu katikati, vyumba huku na huku, na ua wa pamoja nyuma. Katika chumba kilichotazamana na chetu alikaa mama mmoja mtu mzima, mshonaji wa kofia, ambaye watoto wake wote walishaoa na kuolewa mbali. Mimi huuza viazi soko la Kongowea. Hutoka alfajiri, kwa hiyo mtoto akirudi kutoka nasari saa saba alishinda kwa yule mama mpaka nirudi. Akamfundisha kuamkia wakubwa, kula kwa mkono wa kulia, kutopokea kitu bila kushukuru, na kusema Bismillahi kabla ya tonge la kwanza. Hapo kwenye Bismillahi ndipo nilipoharibu.

Mimi nimelelewa kanisani. Kwetu hakuna aliyegusa kijiko kabla baba hajaomba, na baba aliomba mpaka chakula kinapoa. Siku moja nikamkuta binti yangu amejitanda kanga ya jirani kichwani, anainamia ugali wangu na kusema Bismillahi vizuri kabisa. Ilikuwa siku mbaya. Gunia zima la viazi lilikuwa limeniozea kwa mvua, na hasira za gunia nikazibeba mpaka ukumbini. Nikapiga kelele kwa sauti yangu ya sokoni: "Mtoto wangu usimfanye wako! Kama wako wamekukimbia, huyu ana mama yake!"

Milango yote ya nyumba ilifunguka. Yule mama alikuwa na sindano mkononi na kofia magotini. Hakunijibu neno baya. Alisema, "Haya, mwanangu," akaingia chumbani kwake akafunga mlango taratibu.

Tulikaa miezi mitatu hatusemezani. Nilijua nimekosa tangu usiku wa siku ile ile, sitadanganya. Lakini kila asubuhi iliyopita bila mimi kuomba radhi iliifanya ya kesho kuwa ngumu zaidi. Mtoto nikawa naletewa sokoni na mama wa mwenzake, anashinda juu ya magunia. Mimi niliyeogopa asifundishwe Bismillahi, ndani ya wiki mbili nikamsikia akitukana mkokoteni uliokwama, kwa maneno ya mahamali yenyewe.

Kisha ukaingia mwezi wa Ramadhani. Nasari yao ni chumba kimoja tu. Kipindi cha dini kikifika, watoto wa Kiislamu hukaa upande wa dirisha na ustadhi wao, na wa Kikristo hukaa upande wa mlango na mwalimu. Katikati pana kabati. Kabati halizuii sauti, kwa hiyo binti yangu alikuwa akija nyumbani na masomo mawili kila siku. Wiki ile mwalimu alifundisha kumpenda jirani, na ustadhi akafundisha thawabu za kumfuturisha aliyefunga. Mtoto akayaunganisha kichwani mwake, nami sikuwa na habari.

Alichokuwa akikiona yeye ni hiki: kila magharibi, mlango wa jirani ukiwa wazi kidogo, yule mama alifungua saumu peke yake, tende tatu na chai, mbele ya kofia zake.

Siku hiyo nilirudi mapema. Nikateleka viazi na maharagwe, nikaenda kuoga uani. Jua lilipokuwa likizama tukasikia hodi. Nikafungua. Alikuwa yeye, amevaa kanga mpya, mkono mmoja ameshika chupa ya chai na mwingine sahani ya tende.

"Nimeitika mwito wako, mwanangu," akasema. "Mwana ameniambia, mama asema leo ufuturu kwetu."

Nilimtazama binti yangu. Yeye alikuwa akitazama dari, kama mtu anayehesabu buibui.

Basi adhana ikaanza kulia. Mtu hajatia kitu kinywani tangu alfajiri, adhana inalia, naye amesimama mlangoni kwako na chai yake. Ungesemaje? Nikasema, "Karibu, mama."

Tukaketi kula. Mtoto alifumba macho akaomba kama nilivyomfundisha mimi, akasema amina, kisha akafumbua jicho moja na kusema Bismillahi pole pole, akinichungulia. Nikajifanya sikusikia. Yule mama alikula tende zake, akaomba dua yake, kisha akala viazi vyangu, tena akaongeza. "Viazi vimewiva," akasema. Alipoinuka aliniambia Mungu akuzidishie, akampapasa mtoto kichwani, akavuka ukumbi kurudi kwake. Chumba kikaonekana kikubwa ghafla.

Mlango ulipofungwa nikamgeukia binti yangu. "Nani alisema aje kufuturu hapa?"

"Wewe."

"Mimi?"

Ndipo akaniambia yote, ya mwalimu na ya ustadhi, na ya tende tatu. "Angekuja nikimwambia ni mimi? Mimi ni mtoto," akasema.

Moyo uliniuma, lakini sikumwachia. Samaki mkunje angali mbichi, na nilikwisha kuapa kwamba mtoto wangu atakuwa na lolote ila hatakuwa mwongo. Nikamwambia kesho, Jumamosi, kabla sijaenda sokoni, atakwenda kumwambia yule mama ukweli na kuomba radhi. Alilia mpaka akapata kwikwi. Hakulilia kuadhibiwa. "Atasema nisije kwake tena," alirudia. "Mama, atafunga mlango." Nilijua mlango gani anaousema, kwani aliuona ukifungwa siku ile, naye alikuwa bado amejitanda kanga ya watu.

Nikiri na hili, maana ndilo linaloniaibisha zaidi. Nusu ya sababu ilikuwa malezi. Nusu nyingine ilikuwa kiburi. Sikutaka yule mama akae akidhani ni mimi niliyeanza kujirudi.

Asubuhi tulimkuta ukumbini, amekaa juu ya mkeka kwenye mwanga wa mlango wa mbele, anatoboa matundu ya kofia. Mtoto alinishika gauni kwa mkono mmoja.

"Shikamoo, nyanya."

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?"

"Nyanya, jana mama hakusema. Nilisema mimi. Nilidanganya. Nisamehe."

Kisha akafumba macho, akingoja mlango ufungwe.

Yule mama aliiweka kofia chini. "Najua," akasema. "Ulipokuja kuniita, mama yako nalimsikia bafuni akiimba pambio zake. Mtu hawezi kumsifu Mola kwa sauti ile na papo hapo akatuma salamu." Akamvuta mtoto akamkalisha magotini. "Uongo si mzuri. Usirudie, umenisikia? Siku nyingine njoo useme, nyanya, mimi ndiye ninayekukaribisha. Wallahi nitakuja."

"Hata kama mimi ni mtoto?"

"Na kwani tende hazina utamu kwa kuletwa na mtoto?"

Mtoto akacheka, na kwikwi za jana zikamrudia katikati ya kicheko. Nami nilisimama pale nikijiuliza: huyu mama alijua sikumwita, na bado alivaa kanga mpya. Alivuka ukumbi akijua fika kwamba ningeweza kumrudisha mbele ya nyumba nzima kwa mara ya pili. Nilitaka kusema kitu, nikaona heri niondoke. Viazi vilikuwa vinaningoja, au ndivyo nilivyojiambia.

"Haya, tumshukuru nyanya, twende," nikasema.

Binti yangu hakuinuka. Alinitazama kutoka kwenye magoti ya jirani kwa uso ule ule wa mikono kiunoni.

"Mimi nimekwisha kusema," akasema. "Sasa wewe, mama."

Sikumuuliza ana maana gani. Yule mama aliinamisha kichwa akaanza kutafuta sindano yake kwenye mkeka, nayo ilikuwa imechomekwa kifuani pake, naiona. Alikuwa ananisitiri mpaka hapo.

Nikapiga magoti kwenye sakafu. Nikasema, "Nisamehe, mama. Nilikosa," na maneno yakatoka kama ya mtu mwenye kidonda cha koo. Hata mimi sikuyasikia sawasawa.

Mtoto akatikisa kichwa. "Si hivyo. Sema kama ulivyosema siku ile."

Basi nikavuta pumzi, nikasema tena, kwa sauti ya sokoni. Milango yote ya nyumba ikafunguka.