Yamini Iliyorudi Kwangu

Siku ile sikumwamkia kaka yangu. Tulikutana kibarazani mwa mahakama ya liwali, Tanga mjini, yeye na kanzu iliyopigwa pasi, mimi na buibui lililojaa vumbi la basi la Kigombe, na shikamoo yake nikaimeza. Mdai hamwamkii mdaiwa, nilijiambia. Nilikuwa na hasira za karibu enzi hizo.

Nilichodai ni shamba la minazi na kibanda kilichokuwa ndani yake. Baba alinipa siku chache kabla hajafa, kwa kuwa nilikuwa nimeachika na sina pa kumlaza binti yangu. Baada ya matanga kaka akasema shamba ni la urithi, naye amekwisha kupata mnunuzi. Kama ningeshindwa kesi, mimi na mwanangu tungetoka mle kabla ya mvua za vuli.

Tatizo ni moja. Baba aliyatamka maneno yale chumbani, mbele ya mama na kaka tu. Mimi nilikuwa kisimani. Mama ndiye aliyenisimulia, naye mama akafariki mwaka uliofuata. Nilipokwenda kufungua kesi, karani aliniuliza, "Uliyasikia mwenyewe?" Nikaogopa asije akanirudisha nyumbani. Nikajibu, "Kwa masikio yangu haya!" Akaandika.

Sasa liwali aliyasoma maandishi yale, akaniuliza kama nina mashahidi.

"Sina, bwana liwali."

"Basi mdaiwa atakula yamini kwamba baba yake hakusema hivyo. Akiapa, madai yako yamekwisha."

Nilifurahi, sifichi. Kaka yangu ni mtu wa kufunga Jumatatu na Alhamisi, na nilijua hawezi kuapa uongo. Nikamkazia macho. Aliutazama Msahafu uliokuwa mezani, akautazama tena. Karani akakohoa. Mwisho kaka akasema, "Mimi siapi. Namrudishia yeye yamini. Yeye ndiye aape kwamba alimsikia baba."

Sikujua kama sheria ina mlango huo. Liwali akaitikia kwa kichwa: mdaiwa akikataa, kiapo humrudia mdai, na mdai akiapa amepata. Akanigeukia. "Nenda katawadhe, mwanangu."

Nje palikuwa na pipa la maji na kopo. Nilikuwa na njia ya kutokea, na kila mwanamke anaijua: ningesema tu kwamba sina twahara, siwezi kuushika Msahafu. Hakuna mwanamume ambaye angethubutu kuniuliza zaidi, na kesi ingeahirishwa. Lakini ingeahirishwa mpaka lini? Nilianza kutawadha. Shamba ni langu, nilijiambia, Mungu anajua kuwa ni langu, kinachokosekana ni masikio yangu tu. Nikajibembeleza hivyo mpaka nikamaliza miguu.

Nilirudi ndani, nikaweka mkono juu ya Msahafu. "Wallahi, billahi, tallahi, nilimsikia baba yangu akinipa shamba lile, kwa masikio yangu mwenyewe." Sauti haikutetemeka hata kidogo, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Liwali akahukumu kwamba shamba ni langu.

Kaka alikuwa akiningoja nje. Nilijiandaa kwa matusi, maana mimi mwenyewe ningetukana. Alikuja karibu, akasema kwa sauti ya chini, bila ukali wowote, "Nilitaka sana shamba lile. Nilipofika kwenye kuapa uongo, nikaogopa. Nilidhani na wewe utaogopa."



Adhuhuri ikaadhiniwa. Kaka akavuka barabara kwenda msikitini pamoja na watu wengine. Mimi nilibaki pale kibarazani na karatasi ya hukumu mkononi. Udhu nilikuwa nao bado, lakini kusali sikuweza.