Tawi la Njia Panda

Nakumbuka siku moja ya kiangazi, mwanangu, miaka ile Waingereza walipofyeka pori kulima karanga, matrekta yakinguruma Nachingwea mchana kutwa. Nilikuwa kijana wa miaka kumi na tisa, nimetoka kung'oa visiki miezi mitatu, nina viatu vya ngozi na kiburi cha kuvaa viatu. Usicheke. Na wewe una vyako.

Tulikuwa tunarudi kwetu Mandawa kuwahi arobaini ya bibi. Mbele alitembea mjomba, kaka yake mama, na kwetu sisi mjomba ndiye mwenye kauli. Nyuma alikuja dada yangu Somoe, mwanawe wa kwanza mgongoni. Siku ya pili ya safari, jua likiwa limepanda, Somoe alikaa kivulini kunyonyesha. Mjomba akamwambia tutamngoja kijitoni, hapo mbele tu.

Tukafika njia panda chini ya kilima. Njia ya kushoto ilikwenda kwenye mahame. Tuliambiwa habari zake msikitini alfajiri: watu walipotea mmoja mmoja mpaka waliobaki wakahama, wengine wakisema ni simba, wengine wakisema si simba wa mwituni. Somoe hatukumwambia, hatukutaka kumtisha mzazi. Mjomba akakata tawi bichi, akalilaza kukingama njia ile. Kwetu hiyo ni barua: anayekuja nyuma anajua huku pamefungwa. Nami barua hiyo niliijua tangu mdogo. Lakini mbung'o walikuwa wananiuma shingoni, mjomba amekwisha geuka, na tawi lilikuwa na majani mazuri. Nikaliokota nikajipungia. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Kijitoni tukakaa kumngoja. Mjomba akaliona tawi mkononi mwangu. Aliniuliza polepole nimelitoa wapi, nikaelekeza kidole nyuma, kule njia panda, naye akasimama bila kumaliza kunywa maji.

Tulirudi mbio. Pale njia panda nyayo za Somoe zilikuwa zimeshika kushoto. Nilitaka kumwita, mjomba akaniziba mdomo, kwani tangu utoto alitufunza kwamba mwituni mtu haitwi jina, na akiitwa haitiki. Hujui nani mwingine analisikia.

Yale mahame, mpaka leo nikiyataja mwili unanisisimka. Adhuhuri, jua la utosi, na hakuna hata jogoo. Milango wazi. Kinu kimesimama uani na mtama ndani, na hakuna ndege aliyeudonoa. Nyumba moja tu ilikuwa imefungwa, na nyayo za simba zilikuwa zimeizunguka, bado mbichi. Niliogopa, mwanangu, nikavichukia vile viatu vyangu kwa kishindo chake.

Mjomba akagonga mlango kwa fimbo. Ukafunguka. Somoe alikuwa amemkumbatia mtoto kifuani. Alisema alisikia majani yakikanyagwa nyuma yake, akajifungia humo.

"Mbona umeniita sana huko nyuma ya nyumba?" akaniuliza. "Sauti ni yako kabisa. Nikakumbuka neno la mjomba, nikanyamaza."

Mimi sikuwa nimefungua mdomo.

Tukatoka bila kutazama nyuma, tukapanda kilima na kushuka, mpaka tukaona moshi wa kijiji chenye watu. Hapo ndipo mjomba aliponigeukia, bila hasira.

"Lile tawi halikuwa langu, wala lako. Lilikuwa la anayekuja nyuma."

Nililia mbele ya dada yangu, na ukubwa wangu wote.

Mwanangu, majuto ni mjukuu, na mimi wangu nimemlea miaka mingi. Ukikuta jambo limewekwa na waliokutangulia, usiliondoe kwa sababu tu wewe umekwisha pita. Uliza limewekewa nani. Na ukishakosea, usikae kutafuta maneno ya kujitetea. Rudi mbio, ungali na pumzi za kukimbia. Dada yangu aliponea neno la mkubwa, si akili zangu.

Mola akufungulie njia za heri, za shari azifunge kabla mguu wako haujazifikia, na kila apitaye ulipopita wewe afike kwake salama.